Chumba Alichokifunga Fikirini

Kila alasiri akirudi kutoka bandarini, Fikirini hakuketi kabla hajaosha dadu. Alizitia kwenye kikombe cha bati, akazisugua kwa kidole, kisha akazifuta kwa pindo la shati. Zilikuwa dadu za ludo za marehemu mkewe, Tatu. Tatu naye ndivyo alivyokuwa akiziosha, maana mashoga zake walikuwa wanacheza huku wanakula kashata.

Baharia mmoja wa meli ya kigeni alimwachia Fikirini kitabu cha mchezo wa kusimulia. Mmoja anasimulia nyumba ya kutisha, wenzake wanasema watafanya nini humo, dadu inaamua. Kitabuni mlikuwa na ngome mlimani, theluji, mbwa mwitu, na bwana asiyekufa anayekunywa damu za watu. Fikirini alikisoma kwa taabu, akacheka. Nani wa Kariakoo ataogopa theluji? Akaing'oa ngome, akaipanda upya kwenye shamba la mkonge, nyumba ya mzungu aliyeondoka serikali ilipolitaifisha. Mbwa mwitu wakawa fisi. Mnywa damu hakumtafutia jina. Alikuwa mumiani, basi, na kila mtoto wa mjini alishatishwa naye.

Wachezaji waliomjia nyumbani kila Jumapili walikuwa wawili: Kuruthumu, mdogo wake Tatu, na Melkiori, Mchaga mwenye duka la jumla. Siku hizo rafu za Melkiori zilibaki na viberiti tu, kwa hiyo nafasi alikuwa nayo.

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, wenzake wakamzunguka. Fikirini alipewa pole, akala hitima, akarudi kubeba magunia. Ndipo akaiongezea nyumba ya mumiani chumba kimoja. Mlango umefungwa, na ndani mwanamke anaimba huku anachagua mchele. Kila walipoufikia alisema, "Huo haufunguki," wakapita.

Jumapili hiyo mumiani alikuwa ameshauawa, na kilichobaki ni mlango ule.

"Bwana Fiki, mumiani tumemmaliza, tushindwe na ubao?" alisema Melkiori. "Nyie watu wa pwani mnaogopa hata bawaba."

"Wewe ungeshauliza bei yake."

Kuruthumu hakucheka. "Shemeji, huyo mwanamke anaimba kwa mdomo au kwa pua?"

"Kwa pua."

"Na mawe ya mchele anayatupa wapi?"

"Hatupi. Anayapanga kwenye ukingo wa sinia."

Kuruthumu akavuta ushungi hadi mdomoni. Mtu wa kupanga mawe ukingoni alimjua mmoja tu, na walinyonya ziwa moja.

"Naufungua," alisema.

"Usifungue, Kuru. Akiona mlango wazi ataondoka."

"Si aondoke! Maiti hafungiwi, shemeji. Tumemzika, tumemsomea. Humo ndani unamchaguzisha mchele wa nani?"

Melkiori, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alitazama miguu yake.

Fikirini angeweza kukataa, msimulizi ni yeye. Lakini Melkiori alipoliwa na fisi mchezoni mwezi uliopita, akabembeleza mpaka akataka kuhonga viberiti, jibu la Fikirini lilikuwa, dadu ikishasema imesema. Akazisukuma dadu mbele. Zilikuwa bado zina unyevu.

Kuruthumu akatupa. Sita na sita.

Nje mtu alikuwa anapiga kelele kwamba sukari imeletwa duka la ushirika, na hakuna aliyeinuka.

"Haya," Fikirini alisema, na sauti aliyosimulia nayo ilikuwa ileile ya kila Jumapili. "Mlango umefunguka. Ameinua kichwa. Sinia ameliweka chini, taratibu, mawe yasimwagike. Amejifunga khanga yake vizuri. Sasa anapita katikati yenu, Kuru, amekugusa bega. Anashuka ngazi. Yuko uani."

"Amegeuka?" Kuruthumu aliuliza, machozi yanamtoka.

"Hakugeuka."

"Pole, kaka," Melkiori alisema.

Fikirini akazikusanya dadu, akazitia kwenye kiganja cha shemeji yake na kukifumba kwa mikono yake yote miwili. Akavaa kandambili, akatoka, naye hakugeuka. Walidhani amefuata kahawa. Adhana ya magharibi iliwakuta bado wamekaa, kitabu cha baharia mezani, na mlango wa barazani wazi kama alivyouacha. Hakurudi tena.