Nyimbo za Kusini Pale Majengo

Kikundi chetu cha Majengo kilikuwa cha kwaya na ngoma, na nyimbo zetu nyingi zilipinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mwalimu wetu alitoka hukohuko: mpigania uhuru aliyeishia hapa kwetu Mpanda akitengeneza magari. Jumamosi mchana tulikutana kwenye ukumbi wa zamani wa mgodi. Alitugawia sauti, halafu akatufundisha kucheza kwa kupigapiga buti za mpira. Maneno ya lugha yake hatukuyaelewa.

"Imbeni kwanza," alisema. "Maana itakuja."

Dada yangu ndiye aliyekuwa akianzisha. Sauti yake ilifika barabarani, wauza ndizi wakatua mizigo wasikilize. Yeye na mwalimu walipendana mlemle mazoezini, na sisi tulijua kabla wao hawajasema.

Watu weusi wa Afrika Kusini walipopiga kura mara ya kwanza, tulisikiliza matokeo redioni tukiwa ukumbini, tukacheza mpaka vumbi likafika darini. Mwalimu alikaa kwenye benchi, kichwa mikononi, akilia. Haukupita muda akaja nyumbani kuomba aondoke na dada.

Mama alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, sikukatalii," akasema. "Lakini huko ni mbali, na hujui utakuta nini. Tangulia. Ukipata pa kukaa, uje umchukue."

"Sawa, mama."

Dada alikuwa amesimama mlangoni.

Tulimsindikiza mwalimu stesheni tukiimba. Sauti nzito ya besi ilikuwa yake, nayo ilituitikia kutoka dirishani mwa behewa hadi treni ilipokata kona.

Mwanzoni salamu zilikuja, kisha zikakatika. Baadaye tukasikia ameoa kwao. Mazoezini watu walipungua. Vijana waliuliza, uhuru si umepatikana, tunaimbia nini tena? Mwishowe ukumbi ukageuzwa ghala la tumbaku.

Dada aliolewa mtaa wa Makanyagio na mtu mwema. Siku moja alikuja kutusalimia, tukakaa uani tunachambua maharage. Mama akasema, bila mtu kumuuliza, "Bora ningekuacha tu uende na mwalimu, mwanangu."

Dada hakuinua macho. "Ningeenda, mama. Siku ile mzigo nilikuwa nimeshaufunga, nimeuficha chini ya kitanda."

Mama hakuwa akijua. Hata mimi niliyelala na dada chumba kimoja sikujua. Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani, na maharage tukayamalizia sisi wawili.