Ubao Uliosema Kesho

Fundi Kesho hakuwa mwongo, tuelewane mapema. Ila ulimi wake ulikuwa na jibu moja tu. Kitanda changu lini, fundi? Kesho. Na kabati? Kesho. Akikuona unakunja uso anakuongezea: "Kesho asubuhi." Basi jina alilopewa na wazazi wake likafia karakanani.

Aliyeumia zaidi ni mkewe. Mama yule ni fundi cherehani, na kwa miaka tisa alikuwa akikatia vitambaa sakafuni, magoti yanamlia kama bawaba kavu, huku mumewe akiwachongea meza watu wa mtaa wa pili. Mganga hajigangi, eti.

"Baba watoto," akamwambia siku moja, bila hata kupandisha sauti, "Jumamosi nisipoiona meza yangu, Jumatatu naletewa ya dukani. Ya plastiki. Na itapitia mbele ya karakana yako."

Lo! Mke wa seremala na meza ya plastiki! Bora angemwambia anarudi kwao.

Fundi Kesho akamkimbilia shemeji yake, kaka wa huyo mkewe, ambaye kazi yake ni kubomoa magari makuukuu. Shemeji alikuwa na mbao za sakafu ya lori kubwa lililotoka ng'ambo, nyeusi kwa mafuta, nzito ajabu.

"Mti wa misitu ya Amerika ya Kusini huu," akasema. "Ndani ni zambarau. Hakuna aliyeupaka rangi, umezaliwa hivyo." Akamwonyesha kipande alichokikata mwezi uliopita. Kweli, zambarau tupu!

Sasa, mkewe anapenda zambarau kuanzia kilemba mpaka kandambili. Jioni ile fundi akajitapa nyumbani: "Jumamosi, meza ya zambarau. Na sitapaka rangi hata tone."

Ubao wenyewe haukuwa na adabu. Ulimaliza makali ya randa, ukatoa moshi kwenye msumeno, na utomvu wake ukaganda kwenye meno. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliruka ukamgonga fundi viti wa jirani kisiginoni. Ikabidi kila tundu litobolewe kwanza kwa keekee. Lakini mti uliobebeshwa mawe miaka na miaka, mkasi wa mama utaufanya nini? Ijumaa meza ilikuwa imesimama, zambarau imeiva, na fundi anapiga mluzi.

Jumamosi asubuhi akaipiga msasa wa mwisho, isije ikanasa uzi. Vumbi lilipotua, zambarau hakuna. Meza imekuwa kahawia, chai ya maziwa iliyopoa! Akapiga simu.

"Shemeji, nimeiua meza!"

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Hata ulipouranda ulitoka kahawia, wewe ukadhani ni mafuta. Sasa umekwangua ngozi iliyokwisha kuona jua. Hiyo ya chini bado haijaona mwanga. Itoe nje, rangi itarudi yenyewe."

"Lini?"

"Leo hapana. Kesho, keshokutwa hivi."

Hajakata simu, mkewe huyo mlangoni.

"Zambarau iko wapi?"

Fundi akatazama dari. Akamtazama fundi viti. Neno lilikuwa lile lile.

"Kesho."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Haki ya Mungu, mke wangu, mimi nimemaliza! Ubao wenyewe ndio unaosema kesho. Subira huvuta heri."

"Imevuta miaka tisa, heri yenyewe imekwama wapi?" Akautua mkasi wake mkubwa katikati ya meza, paa! "Basi huu ndio uingoje. Mimi nimechoka. Jumatatu naufuata."

Fundi aliumia, tena sana. Miaka tisa amempa ahadi hewa na mama akaamini. Leo kasema kweli, haaminiki. Akaiburuta meza uani. Mkasi hakuugusa, aliuogopa. Jua likawaka siku mbili.

Jumatatu pikapu ya duka ikasimama nje na meza ya plastiki. Mama akaingia uani moja kwa moja, akainua mkasi wake, akaganda.

Meza ilikuwa zambarau kuanzia ukingo hadi ukingo. Na pale katikati umelala mkasi mwingine, wa kahawia, na matundu yake mawili ya vidole. Akaurudisha wake juu yake. Ukaenea. Akauinua tena.

"Nani kachora?"

"Jua."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Dereva!" akaita. "Rudisha hiyo plastiki yenu!" Kisha akamgeukia mumewe, mkono kiunoni. "Na hii yangu inafika lini nyumbani?"

Mdomo wa fundi ukafunguka wenyewe, kwa mazoea. "Ke—" Akalimeza.

"Leo," akasema.

Msumeno wa fundi viti ukanyamaza. Akachungulia uani kuona ni nani huyo mgeni aliyesema.