Mwana wa Kaizari Kule Kenton

Laurette alizaliwa Bukavu, na kazi yake ni kuogesha wazee katika makao ya wazee huko Hounslow, ughaibuni. Jumapili, baada ya ibada, alikuwa Mvisigothi, mtu wa kabila la kale lililopigana na makaizari. Alivaa manyoya ya bandia, akashika ngao, akaenda kufa uwanjani mbele ya watu waliokalia viti vya kukunja. Aliupenda mchezo ule. Wiki nzima hakuwa na mahali pengine pa kupiga kelele.

Kikundi chenyewe cha kuigiza vita vya kale kilikuwa cha Bi Pramila, mwenye duka Kenton, mzaliwa wa Kisumu. Ndiyo maana mwanawe Alkesh akapewa kuwa mwana wa Kaizari Konstantino, yule aliyetumwa na babake kuwapiga Wavisigothi ng'ambo ya mto Danubi. Walioangamia huko wengi waliuawa na njaa na baridi. Sifa akazibeba mwana wa Kaizari. Kwa hiyo Alkesh alifaa sana. Mazoezini hakuonekana, na Kiswahili alichookota dukani kwa mamake kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, ondoa, haraka.

Siku ya maonyesho mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alkesh akajikalia garini, hita imewashwa, Wavisigothi wakimngoja matopeni. Aliposhuka na joho lake jekundu la sufu, Papa Séraphin, mzee mstaafu aliyesali kanisa moja na Laurette na Mvisigothi mwenzake, alikuwa akitetemeka vibaya kwa baridi. Vita vikaanza, naye akaanguka kabla hajaguswa na mtu.

Laurette akatupa ngao. "Simameni! Papa Séraphin, unanisikia?"

Mzee alibaki kifudifudi matopeni. Alkesh akasogea, akamkanyaga mgongoni, akainua upanga.

"Piga picha! Haraka!"

Laurette akamsukuma, akalivuta joho mpaka kifungo kikakatika, akamfunika mzee.

"Leta! Hiyo ya kukodi!"

"Rudi kwenye gari yako ukaote moto."

Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo.

Séraphin alilazwa, akapona. Bi Pramila akapiga simu.

"Mama Laurette, muombe Alkesh radhi. Umemwaibisha mbele ya watu."

"Mimi?" Laurette akacheka. "Mama Pramila, yule alijiaibisha mwenyewe."

Akakata simu, akajitoa kikundini, na Wavisigothi wote wakamfuata. Alkesh akapandishwa cheo, sasa ni Kaizari kamili. Jumapili huongoza jeshi lake kuvuka uwanja usio na adui, na kila mara hushinda.