Farasi Aliyependwa Kichaga

Harufu ya pumba zilizolowekwa kwa molasi hunirudisha Ngaramtoni papo hapo. Mama aliuza vyakula vya mifugo Kijenge, na kila jioni alirudi nyumbani, chini ya Mlima Meru, kitenge chake kikiwa kimejaa harufu hiyo. Nilikuwa darasa la tatu mwaka ambao mteja wake mmoja, mwenye shamba, alihama nchi na kumwachia farasi jike mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa. Tukamwita Kahawa, nami nikampenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Mama alizaliwa Uchagani, na kwao mnyama wa heshima hazururi. Anakaa bandani, analetewa majani kichwani, ananenepa, na wageni wanaingizwa kumtazama. Basi Kahawa akajengewa banda la mbao, akawa anapewa pumba, mahindi na mashudu asubuhi na jioni, na majani kidogo ya kusindikizia. Alikula vizuri kuliko sisi. Haukupita muda akaanza kuung'ata mlango. Aliukamata kwa meno ya mbele, akakaza shingo, akavuta hewa kwa mguno kama mtu anayenyanyua gunia, kutwa nzima. Ubao ukaingia pengo, meno yakachakaa, mbavu zikaanza kuhesabika. Mama akadhani ni njaa, akaongeza pumba. Kahawa akazidi kung'ata. Majirani wakasema ana pepo. Mjomba akasema amepata mtu wa kumvutisha mkokoteni wa mawe, na mama, kwa uchungu, akakubali kwamba mwezi ukiisha farasi hajaacha, achukuliwe.

Mwezi haujaisha, mama akalazwa kwa homa ya matumbo. Kabla ya kuondoka alimwomba jirani yetu Baba Loishiye, Mwarusha mwenye ng'ombe wengi, amkatie Kahawa majani. Aliitikia vizuri tu, lakini mzee yule kubeba mzigo wa majani kichwani, mbele za watu, lilikuwa jambo lisilowezekana. Alfajiri alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni pa banda.

“Shikamoo, baba,” nikamwamkia.

“Marahaba, binti yangu. Huyu si ana miguu?”

“Anayo, baba.”

“Basi atakifuata chakula mwenyewe. Ninyi Wachaga majani yanamfuata ng'ombe. Sisi ng'ombe anayafuata majani.”

Hakujua lolote kuhusu farasi. Alifungua mlango tu, akamswaga pamoja na ng'ombe wake. Kahawa alishinda malishoni kichwa kikiwa chini, akitafuna taratibu nyasi kavu ambazo mama angeona aibu kumpa mgeni, ubavu wake ukigusana na wa ng'ombe mmoja mweupe. Kulikuwa na uzio wa mbao pale. Hakuung'ata.

Mama aliporudi, amekonda na kitenge kinamvuka, tulimwekea kigoda ukingoni mwa malisho. Nilijua atamgombeza Baba Loishiye. Alikaa asubuhi nzima akimtazama Kahawa. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

“Kumbe nilikuwa nampenda Kichaga,” akasema. “Nimemshibisha, lakini sijamwacha ale.”

Mjomba alikuja na kamba, akaondoka nayo. Sitasema Kahawa aliacha kabisa, maana mazoea yana taabu. Siku za mvua kubwa, akifungiwa, tuliusikia mguno wake. Mama alikuwa akivaa mabuti na kwenda kumfungulia mvua ikipungua tu. Kahawa alizeekea kwetu.

Leo ninaishi Themi, jirani na Kijenge, ndani ya ukuta mrefu na geti. Mwaka jana nilimleta mama, miguu yake imechoka, nikampa chumba chenye jua, supu asubuhi, mtori wa ndizi jioni, na msichana wa kumsaidia. Geti nilifunga, kwa usalama wake. Akaanza kufagia baraza. Alilifagia likiwa safi, akamaliza, akaanza upya, huku na huku, mpaka ufagio ukabaki kijiti. Nikamnunulia dawa za vitamini, nikaongeza supu.

Jioni moja aliweka bakuli chini, akanitazama kwa upole.

“Mwanangu,” akasema, “unanipenda Kichaga.”

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kufungua geti. Sasa kila asubuhi anajikongoja na mkongojo wake mpaka sokoni Kijenge, wanakomjua, na kurudi mchana na fungu moja la mchicha na habari za mji mzima. Supu anaikuta imepoa. Anainywa hivyo hivyo, yote.