Daraja Nililoliandika Zima

Daraja letu lilinuka dawa nyeusi iliyopakwa kwenye mbao zake. Jua likishakolea, ile dawa ilichuruzika kwenye nyufa na kunata kwenye nyayo, na mtoto akirudi nyumbani mama alikuwa ameshajua alikopita kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa harufu kali, ya kukaa kooni. Mpaka leo nikipita penye nguzo mpya za umeme zilizolazwa kando ya barabara hapa Bariadi, huvuka nikapita upande wa pili. Wenzangu wakisimulia harufu za utotoni hutaja maziwa mgando na viazi vya kuchoma. Mimi hunirudia msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la tano, na neno moja nililoliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Sikuwa na nia ya kulisimulia. Kilichonifikisha hapa ni mchezo wa kompyuta. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa miaka miwili sasa nimejiunga na vijana wanaotengeneza njia yetu ya reli, ile ya Tabora kwenda Mwanza, ili mtu aketi mbele ya skrini na kuendesha treni kama ilivyokuwa zamani. Mmoja anajenga stesheni, mwingine anapanda miti na vilima, mwingine anatafuta milio ya injini. Mimi wamenipa madaraja ya zamani, kwa sababu nina subira ya kupima na kwa sababu nilikulia kando ya mojawapo, upande wa Malampaka. Lile la kwetu nililikwepa mpaka mengine yote yakaisha. Kijana anayetuongoza, mkazi wa Dar es Salaam, aliniandikia: "Mama, weka daraja lolote tu, nani ataangalia chini?" Nilikasirika siku mbili nzima, kisha nikaanza kulichora.

Lilikuwa na nguzo tatu za mawe ya kuchonga na mihimili ya chuma iliyoletwa enzi za wakoloni. Juu ya mihimili zililala mbao nene zilizobeba reli, na kila ubao ulishikwa na bolti zenye ncha iliyopinda kama ndoano. Kazi ya baba ilikuwa hizo bolti. Kila asubuhi alitembea daraja zima na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga moja baada ya nyingine na kusikiliza. Iliyokaza ilijibu kwa sauti nyembamba inayokwenda mbali. Iliyolegea ilitoa sauti fupi, butu, halafu kimya. Mama akiwa jikoni alijua baba amefika nguzo ya ngapi, na ndipo alipoinjika uji. Watu wote wa pale kituoni walimwita baba Mwenye Daraja, na yeye, ambaye kwa kawaida hakupenda kusifiwa, jina hilo alilikubali.

Baba hakuwa mtu wa kalamu. Alichojua ni kuandika jina lake, kwa shida, huku ametoa ncha ya ulimi. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake mwenyewe wa kutunza kumbukumbu. Nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo kuku hawakufika, alikuwa amelifinyanga daraja lote kwa udongo, urefu wa hatua nne, lenye mabua ya mtama badala ya mihimili. Kila alipokuta bolti mbovu alirudi akachomeka mbegu ya pamba mahali pake. Jumamosi akitoka darajani aliniita, tukachuchumaa pale wawili, yeye akionyesha kwa kidole na mimi nikiandika: nguzo ya pili, upande maji yanakotoka, bolti tatu zimelegea, moja haipo. Nikimaliza nilimsomea, akaweka sahihi, nami nikapeleka karatasi kwa stesheni masta ili iende na treni mpaka ofisini. Nilikuwa na mwandiko wa kuvutia na niliringa nao sana. Nkwabi, mmoja wa vibarua wa kokoto, alikuwa akiniona na karatasi ananisimamisha njiani na kunipigia saluti. "Mwangaluka, Karani!" anasema. Nami najibu salamu hiyo ya Kisukuma, mwangaluka, kwa sauti nzito ya ofisini, mpaka anacheka akijishika mbavu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao mpaka uani kwa mkulima, ghala la ushirika likabaki la popo, na mabehewa yaliyokuwa yakijaa marobota yakaanza kupita matupu, yakigongana kwa kelele. Hapo ndipo walipokuja pia wanunuzi wa vyuma chakavu. Walitundika mizani kwenye mti karibu na kisima, wakanunua majembe yaliyokwisha, sufuria zilizotoboka, fremu za baiskeli. Mwanzoni tulifurahi, maana kila nyumba ilikuwa na takataka za chuma. Takataka zikaisha, lakini mizani haikuondoka. Baba alianza kurudi kutoka darajani akihesabu kwa vidole bolti zilizoibwa usiku. Nilimwona akichomeka mbegu, anakwenda ghalani kuleta nyingine, anarudi. Ule udongo wa daraja letu dogo ukaanza kuota madoadoa meupe kila upande, na mimi nikawa naogopa kuupita hata nikitumwa kuni.

Tuliandika. Wiki baada ya wiki tuliandika, kurasa zikawa mbili, zikawa tatu, na hakuna bolti hata moja iliyoletwa. Badala yake ikaja habari ya kupunguza wafanyakazi. Kila mtu pale kituoni alikuwa akiizungumza kwa sauti ya chini, kama vile ikisemwa kwa nguvu itasikia na kuja mbio. Siku moja nimekwenda kuchota maji, nikamsikia mke wa stesheni masta akimwambia mwenzake kwamba orodha inaandaliwa, na wanaoanza kuondolewa ni wale wasumbufu, wanaolalamika kila wiki. "Huyu Mwenye Daraja na makaratasi yake," alisema, "anajichongea mwenyewe." Niliinua ndoo yangu, nikaenda zangu, na nusu ya maji nikayamwaga njiani bila kujua. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi ya baba. Shamba hatukuwa nalo. Tulikuwa watoto watano, na wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Jumamosi iliyofuata baba alionyesha na mimi nikaandika, kama kawaida. Ila nilichoandika hakikuwa alichosema. Yeye alitaja nguzo, upande na idadi. Mimi niliandika kwamba daraja limekaguliwa lote na ni zima, halihitaji chochote kwa sasa. Kisha nikamsomea kutoka kichwani yale aliyoyataja, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Aliitazama kwa muda, akachukua kalamu, akaandika jina lake. Nilirudia hivyo Jumamosi tano. Sikujiona mwongo. Nilijiona mtoto mwenye akili kuliko wote pale kituoni, aliyemwokoa baba yake bila yeye kujua, na usiku nililala vizuri.

Mvua za mwaka huo zilianza kwa adabu, kisha zikasahau kuacha. Mto wetu, ambao kiangazi tulikuwa tunauvuka kwa kuruka mawe, ulibadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, ukaanza kuleta vitu: visiki, mabua, siku moja ndama mzima amevimba tumbo. Majaruba ya mpunga ya upande wa chini hayakuonekana tena. Vyura walipiga kelele mchana kutwa. Baba alikuwa anakwenda darajani mara mbili kwa siku, na nyundo yake nilipoisikiliza nikiwa nyumbani ilikuwa inatoa zile sauti fupi tu, moja, nyingine, nyingine, mpaka mama akafunga dirisha. Mimi nilijifanya nahangaika na mdogo wangu.

Asubuhi ya siku yenyewe shule haikufunguliwa. Tuta la reli ng'ambo ya mto lilikuwa limeanza kuliwa na maji, na baba alikuwa amevuka kwa miguu alfajiri na bendera nyekundu, akasimamishe treni ikitokea upande ule. Mama alinipa kikopo cha uji nikipeleke stesheni, apatikane wa kumfikishia. Nilikuta wanaume wamejaza mawe kwenye toroli, lile la kusukuma juu ya reli, na nyapara mgeni aliyeletwa kutoka gengi jirani la wafanyakazi wa reli anawahimiza wavuke wakazibe tuta. Nkwabi alikuwa wa mbele, mikono tayari ipo kwenye mti wa kusukumia. Aliutazama mto, akageuka kwa stesheni masta.

"Mwenye Daraja anasemaje?" aliuliza. "Linabeba mzigo huu?"

Stesheni masta aliingia ndani, akatoka na karatasi ya mwisho, iliyokuwa bado inasubiri treni. Niliijua kabla hajaifunua. "Ameandika mwenyewe," alisema. "Zima."

"Basi kama amesema yeye," Nkwabi alijibu, na akaniona. Aliinua mkono mpaka kwenye paji la uso, ile saluti yake. "Karani, lete huo uji, nitampa."

Nilimpa kikopo. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, nakumbuka mvua ikiingia ndani, na nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu au manne, maana alikipanga kile kikopo katikati ya mawe taratibu kisimwagike. Nilifikiria orodha. Nilifikiria nyumba. Nilifikiria baba atakavyonitazama. Toroli likaanza kwenda, vibarua wawili nyuma na Nkwabi pembeni, na mimi nikasimama pale pale.

Walipita nguzo ya kwanza. Baada ya nguzo ya pili mbao zilihama. Sikusikia mlio wa kuvunjika, zilihama tu, reli ikafunguka na toroli likalala upande kwa mawe yake yote. Wale wawili wa nyuma walidaka mhimili. Nkwabi alionekana mara moja kwenye maji, kisha hakuonekana. Baba aliyaona yote akiwa ng'ambo, na nilimwona akikimbia kuja darajani na bendera yake bado mkononi. Nkwabi walimpata siku ya tatu, mbali kule kwenye majaruba, maji yalipopungua.

Wakubwa waliokuja kuuliza maswali walikaa kwenye ofisi ya stesheni masta na zile karatasi tano mezani. Baba aliingia, mlango ukabaki wazi kwa joto, nasi watoto tukawa tunachungulia. Walimwuliza kama sahihi ni yake. Alisema ni yake. Wakamwuliza nani aliandika, na akasema, "Ni maneno yangu." Hakugeuka kuangalia mlangoni. Aliondolewa kazini mwezi ule ule, bila hata kusubiri orodha, tukahamia kwa mjomba, kijijini Sola, tukalime pamba ya watu. Kabla ya kuondoka alilivunja lile daraja la udongo kwa jembe. Mama Limi, mjane wa Nkwabi, alihamia kwa ndugu zake kule Lamadi na watoto wake watatu, na nasikia mpaka leo anauza dagaa kando ya barabara kuu. Siku ya mazishi alimshika baba mkono akamwambia kwamba marehemu alikuwa anamwamini kuliko ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nimesimama pale, na baba aliinama tu.

Nimeishi zaidi ya miaka thelathini nikiamini kwamba baba aligundua siku ile ofisini, mbele ya zile karatasi, na kwamba alinikinga. Niliona aibu na nilimpenda kwa hilo, vyote kwa pamoja, na hatukulizungumzia. Wiki iliyopita nilikwenda Sola na kompyuta yangu. Baba sasa ni mzee sana, jicho moja limeingia ukungu, lakini lingine linaona. Nilimwekea daraja kwenye skrini, nikapitisha treni polepole, na yeye akalitazama akiwa amesogeza uso mpaka karibu kuigusa kompyuta. Treni ilifika ng'ambo salama. Nikairudisha, ikavuka tena. Ndani ya mchezo inaweza kuvuka mara elfu na hakuna anayeuliza limekaguliwa na nani, na mimi hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia yote: kile nilichosikia kisimani, zile Jumamosi tano, lile swali la Nkwabi, kile kikopo cha uji, na kwamba nilikuwepo na sikusema.

Skrini ilipojizima yenyewe, baba aligeuka kuniangalia.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "mimi kusoma sikujua. Lakini namba nilizijua, maana reli yote ina namba. Karatasi zako za mwanzo zilikuwa zimejaa namba. Zile tano hazikuwa na namba hata moja."

Nilimwuliza kwa nini aliweka sahihi.

"Na mimi nilikuwa nimesikia habari ya orodha," alisema. "Nikaona mtoto amenirahisishia."

Aliomba fimbo yake. Nilidhani anataka kwenda kulala, lakini alisimama, akaniuliza gari la kwenda Lamadi, kwa Mama Limi, linapita saa ngapi.