Niliandikwa, Nikafutwa, Nikaandikwa Tena

Niliandikwa kazi mwaka ule tulikula ugali wa manjano. Aliyekuwepo anaujua. Mvua ilikataa, mahindi yakanyaukia shambani, na serikali ikaleta mengine kwa meli, ya manjano kama kiini cha yai. Wazee walisema hicho ni chakula cha farasi, lakini walikula. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilikula bila kuuliza habari za farasi.

Njeri, mjukuu wangu, alikuja hapa Gatuanyaga Jumapili akaniuliza swali la kazi. Swali lenyewe nitalitaja mkinisubiri. Jibu analihitaji Jumatatu, la sivyo atapoteza kazi, ama atapoteza kitu kingine. Nilimjibu, lakini jibu bila hadithi yake ni githeri bila chumvi, kwa hivyo naandika yote, asome yeye na vijana wenzake. Mimi shule niliachia darasa la nne. Mkiona makosa, rukeni.

Shamba lilikuwa upande wa Ruiru, kahawa mpaka macho yachoke. Siku ya kwanza nyapara, yaani msimamizi wetu sisi vibarua, alinipa debe na kamba ya kulifunga kiunoni. Nilichuma kwa kasi nikijiona hodari. Saa sita akalimwaga debe langu juu ya gunia mbele ya watu.

"Mama, unachuma kahawa ama unachuma sukuma wiki? Hizi za kijani nani atakunywa?"

"Zitaivia kwa debe," nikamwambia.

Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno. Nyapara hakucheka. Alinikalisha chini nikatenga mbichi na mbivu moja moja mpaka jua likaanza kushuka. Kesho yake sikuchuma hata moja ya kijani. Hivyo ndivyo tulifundishwa, kwa aibu, na ilishika.

Baada ya misimu miwili nyapara akanihamisha kiwandani, pale pale shambani karibu na mto. Kahawa mbivu ilipitishwa kwa mashine ikavuliwa ngozi, ikalala kwenye tangi ili utelezi utoke, ikaoshwa, kisha ikaanikwa juu ya meza ndefu za waya. Kazi yangu ikawa meza. Unageuza kwa mikono toka asubuhi. Jua likiwa kali unafunika ili ganda lisipasuke, mvua ikinukia unafunika mbio kuliko mama aliyeanika unga. Sauti yake utaijua: ikiwa na maji iko kimya, ikikauka inalia chini ya kiganja kama changarawe.

Lakini neno la mwisho lilikuwa la jino. Nyapara alinifundisha kumenya punje, kuiweka kwenye gego na kuiuma. Ikiwa na maji, jino linazama kama kwa mahindi yaliyochemshwa. Ikiwa tayari, inavunjika ka! na ndani rangi imekuwa ya kijivu cha buluu. Hakukuwa na mashine ya kupima. Mashine nilikuwa mimi. Nikisema imekauka, inatiwa guniani. Nikinyamaza, inabaki mezani.

"Ikifungwa na maji itashika ukungu," nyapara aliniambia, "na ukungu hauna simile. Mdomo wako na jino lako visiwahi kukosana."

Meneja wa kwanza alikuwa Mzungu mzee mwenye soksi za kufika magotini. Alipenda kuleta wageni kwenye meza zangu, na Kizungu changu chote nilikisikia nikiwa nimeinama. Ndipo nikagundua hawa watu wana namna nyingi za kusema mtu ameajiriwa, na wanazibadilisha kama nguo. Wanunuzi wakija na kuisifu kahawa, meneja ananiwekea mkono begani: "She works with us." Eti tunafanya pamoja. Akija ofisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, kuuliza kwa nini nyumba za wafanyakazi zinavuja, mimi ghafla "works under the headman", niko chini ya nyapara, mwulize nyapara. Na chai ikichelewa, hapo ndipo nilikuwa "for me", wake kabisa, kama viatu.

Sisi tulikuwa na maneno machache. Ukipata kazi umeandikwa, ukiipoteza umefutwa, kama chaki ubaoni. Watu wakikutana sokoni: "Uko wapi siku hizi?" "Niko kwa Mzungu." Basi. Maneno makavu, lakini ulijua umesimama wapi. Yule mzee simchukii. Alikuwa anauma kahawa mwenyewe, na siku moja nilipokataa meza nzima aliuma, akatema, akasema kwa Kiswahili chake, "Kweli yako, mama." Ningempikia hata leo.

Alipozeeka akaenda kwao, tukaletewa meneja kijana, mtu wetu wa hapa hapa, aliyeongea Kizungu kushinda Wazungu. Alitukusanya siku ya kwanza akasema hapa hakuna mkubwa na mdogo, sisi sote ni familia. Wanawake walipiga makofi. Mimi nilimtazama viatu, nikaona hajawahi kukanyaga tope la mto.

Msimu wake wa kwanza mvua ilishuka wiki mbili bila kupumzika. Meza zilijaa, tangi likajaa, na kahawa nyingine nyekundu ilikuwa inaingia kila jioni. Lori la kupeleka magunia Thika lilikuwa limeahidiwa kwa Ijumaa. Ijumaa asubuhi alikuja kwenye meza zangu na nyapara nyuma yake.

"Mama Wanjiru, imekauka?"

Nikaichota, ikanyamaza. Nikauma punje tatu kutoka sehemu tatu.

"Bado. Siku nne, jua likitoka."

"Lori liko njiani. Sema imekauka, nyapara afunge magunia."

"Kama ni kufunga, fungeni. Kwa nini mnataka niseme mimi?"

Aliangalia saa. Nilijua kwa nini. Ikiharibika, itakuwa mama wa meza ndiye aliyesema.

"Kwani wewe unafanyia nani kazi?" akauliza, kisha akajijibu polepole ili nielewe. "You work for me."

Familia iliisha hapo. Nilimwangalia nyapara, naye akaangalia mto. Nilikuwa na watoto watatu, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba. Ukifutwa unatoka na sufuria zako. Nilitema ile punje kiganjani nikamwonyesha alama ya jino ilivyozama, nikamwambia:

"Haijakauka, na mdomo wangu hautasema imekauka."

Hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya mchungaji kwamba basi, "we'll have to let you go." Maana yake, eti itabidi waniachilie niende. Kana kwamba nilikuwa nimefungwa kamba na kulia kama mbuzi nikitaka kwenda. Nimeyasikia maneno mengi ya Kizungu, lakini hilo ndilo la ajabu kuliko yote. Ukisema umemfuta mtu, angalau unashika kifutio mkononi.

Magunia yalifungwa, lori likaenda. Sitawadanganya kwamba kahawa ilirudi na ukungu na meneja akaja kuniomba msamaha. Sijui ilifikaje. Ninachojua ni kwamba niliondoka na watoto, kitanda kimoja na kuku wawili, nyapara akanibebea sanduku mpaka barabarani. Msimu mzima niliuza ndizi Thika mbele ya stendi, na binti yangu Wanjiru akakosa shule muhula mmoja. Huo muhula hajawahi kunidai, lakini mimi najidai.

Halafu nyapara akahamia shamba jingine, ng'ambo ya mto Theta. Meneja wa huko alitafuta mtu wa meza, nyapara akamwambia, "Kuna mama alifutwa kwa sababu ya jino lake." Yule bwana akacheka. Akaagiza niletwe, akanipa punje, nikauma.

"Bado siku mbili," nikasema.

"Umeandikwa," akasema.

Hapo ndipo nilizeekea. Niliandika wengine, nikawafundisha wasichana kuuma, niliwaaibisha kama nilivyoaibishwa. Nilistaafu kahawa ilipoanza kung'olewa na nyumba za vioo kuota mahali pake. Nikipita huko siku hizi, nageuza mikono yangu kwenye mapaja bila kujua, kama nageuza meza. Harufu ya kahawa ikiwa tangini, chachu na tamu, ningetembea kwa miguu kwenda kuinusa. Gego langu lile halipo tena. Liling'olewa Thika, na nililichukua nikaja nalo nyumbani.

Sasa Njeri. Alisomea mambo ya chakula chuoni Juja, akaandikwa kwenye kiwanda cha unga, bado yuko kwa majaribio. Anapima mahindi kwa mashine yenye namba, kuona kama yana maji, kwa sababu mahindi mabichi yanashika ukungu na ukungu huo unaua watu hata ugali ukiiva vizuri kabisa. Mkubwa wake amemwambia aandike mzigo mmoja umekauka. Mashine imekataa. Swali lake ndilo hilo: Jumatatu aandike, ama akatae?

"Anasema sisi ni timu, cucu," akaniambia; cucu ni bibi kwa Kikuyu chetu. "Ati niwe team player."

"Ni nini hiyo?"

"Mtu wa kushirikiana na wenzake."

"Ni ile familia," nikasema. "Imebadilisha nguo."

Hakucheka. Alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo. "Nikifutwa, nyumba ya Juja nitalipa na nini? Wewe huogopi nikikaa bure?"

"Naogopa. Niliogopa hata siku ile. Chumba kiko hapa, ndizi ziko Thika. Siwezi kukuambia haitauma."

Kuku wakaingia jikoni, nikawafukuza, nikarudi kuketi.

"Cucu, yule meneja ulimwambia aje? Sema vile ulisema, usibadilishe."

Nikaweka ulimi pale gego lilikuwa, nikamwambia:

"Haijakauka, na mdomo wangu hautasema imekauka."