Kumi Chini ya Shitingi

Siku yangu ya kwanza maabara, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mkubwa wa kituo cha afya, ofisa tabibu kutoka Mbarara, hakuniuliza hata jina. Alinisukumia daftari la majibu akasema, "Hapa tunasoma karatasi, hatusomi watu." Nilikuwa mkimbizi wa Kivu Kusini mwenye diploma iliyolowa mvua njiani. Nikaitikia ndiyo, na ndiyo ile inanichoma mpaka leo.

Ninyi vijana wa maabara mnabonyeza mashine, namba inatoka. Sisi, mwisho wa miaka ya tisini, tulitoboa kidole, tukadondosha damu kwenye karatasi nyeupe, tukangoja nusu dakika, kisha tukailinganisha na kadi ya rangi nyekundu, kuanzia hafifu hadi nzito. Kila rangi ilikuwa na namba yake ya hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu. Mjamzito akiwa chini ya kumi na moja, damu imepungua. Chini ya saba, akimbizwe hospitali kubwa ya Mbarara. Na kadi husomwa kwenye mwanga wa mchana, nje.

Siku moja ilinyesha vibaya, tukapimia ndani, chini ya shitingi ya buluu, lile turubai la plastiki la wakimbizi. Chini ya buluu nyekundu zote zinafanana. Akaja Mama Neema wa kijiji cha Misiera, mimba ya miezi minane, anahema hata akiwa ameketi. Kwenye kadi niliona kumi. Nikamfunua kope ya chini: kweupe pe!

Nikamwendea mkubwa. "Tungoje mvua ikatike, nimupime tena nje. Ama tumupeleke Mbarara."

"Ssebo, bwana, karatasi inasema ngapi?"

"Kumi, lakini macho yake..."

"Andika kumi. Gari haiendi Mbarara kwa sababu ya macho."

Nikaandika. Ningebishana angenifukuza, nami nilikuwa na watoto watano. Mama Neema akapewa vidonge vya kuongeza damu, akarudi nyumbani. Uchungu ulipomshika wakamkimbiza Mbarara, na kule mashine ikasema nne. Alikufa wakimtafutia damu, mtoto akiwa bado tumboni.

Mkubwa alipandishwa cheo, akahama. Mimi nilizunguka kambi ya Oruchinga, nikarudishwa Nakivale, na kila mama nilimpimia nje, wacheke wasicheke. Nilipostaafu walinipa blanketi na makofi. Blanketi, jamani!

Mume wa Mama Neema bado anauza maharage Misiera. Ile karatasi ya majibu ameihifadhi ndani ya Biblia. Juzi alinionyesha tena.

"Muganga, hapa iko kumi, kule Mbarara balisema ine. Ile damu ingine ilienda fasi gani?"

"Mungu ndiye anajua, ndugu yangu," nikamjibu, kama kawaida yangu.

Lakini na mimi najua.